Kundi letu la WhatsApp lilizaliwa Juni 2024, sasa limejaa fowadi. Tuanzie wapi?

Swali: Mwalimu, habari yako. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Kaptembwo, Nakuru. Juni 2024 vijana wa mtaa wetu tulianzisha kundi la WhatsApp ili tueleweshane Mswada wa Fedha, ule wa kodi, tukafika karibu mia mbili. Siku hizi kundi limejaa fowadi, yaani jumbe za kusambazwa tu, linki za kamari na matusi ya kisiasa. Wazee wanatuita watu wa kelele. Mwaka huu tulienda kikao cha maoni ya bajeti mwezi wa Juni kuitisha taa za mtaani na mtaro, tukaambiwa tumechelewa. Wasichana wengi wametoka kundini, na wengine wanaogopa kukamatwa kwa sababu ya maneno yao. Mwanasiasa mmoja ametuahidi fulana na bando. Pesa za kuita mkufunzi hatuna. Je, kundi hili linaweza kuwa darasa la uraia? Na wale wa miaka 16 na 17 walio ndani, wabaki au watoke?

Jibu: Dadangu, linaweza. Aliyewaambia mmechelewa mwezi wa Juni alisema kweli, na ningependa tuanzie hapo. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga safari nzima ya bajeti. Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti inapaswa kuwa imewasilisha kwa bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ule maafisa huuita ADP. Kufikia Februari 28 unakuja waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, unaoweka kiwango ambacho kila idara haitakivuka. Aprili 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio yenyewe, na kabla ya Juni kuisha bunge la kaunti liwe limeyapitisha. Mkifika Juni, chakula kimeshapakuliwa. Taa mnayotaka ijengwe katika mwaka unaoanza Julai inapaswa kutajwa kwenye karatasi ya Septemba iliyotangulia, miezi kumi nyuma, wakati ambapo hakuna anayezungumzia bajeti mtandaoni.

Hapa ndipo ninapoliona tatizo kubwa la elimu ya uraia kwa vijana wa leo. Habari zipo tele, ila zinatufikia saa mbaya. Simu hutuletea jambo likiwa limeshika moto, na kwa kawaida jambo la serikali hushika moto siku chache kabla ya kufungwa. Uamuzi wenyewe hufanywa katika miezi iliyopoa, ndani ya karatasi ndefu zisizo na picha hata moja. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: darasa lenu liachane na habari za siku, lifuate kalenda ya kaunti na mradi mmoja wa wadi yenu, tangu siku unapoandikwa hadi siku mtakapoukanyaga kwa miguu. Katiba, ugatuzi, haki, kura, yote hayo mtayajifunza njiani, tena yatawakaa kichwani kwa sababu mtakuwa mnayahitaji kwa kazi iliyo mkononi.

Njia yenyewe mnaijua. Kumbukeni mlivyofanya 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa mzito, wenye lugha ya mawakili na wahasibu, lakini vijana wakaugawana. Aliyeelewa kodi akachukua kurasa za kodi, mwingine akaeleza kwa lugha ya mama, mwingine akajirekodi TikTok, wengine wakakesha kwenye mijadala ya sauti ya X. Juni 18 serikali ikatangaza kuondoa pendekezo la ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na lile la kodi ya kila mwaka ya magari. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bunge na vijana wakauawa. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia mswada sahihi. Tunayakumbuka maandamano, na waliofariki tuna deni la kuwakumbuka daima. Lakini kabla watu hawajaingia barabarani kulikuwa na wiki nzima nzima za kusoma. Kwangu mimi usomaji ule ndio darasa kubwa zaidi la uraia ambalo vijana wa nchi hii wamewahi kujiandalia wenyewe, na hakuna wizara iliyoliitisha.

Sasa nawauliza: kati yenu mia mbili, ni nani amewahi kufungua Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nakuru? Upo. Sheria inalitaka bunge la kaunti liupitishe ndani ya siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi. Humo ndimo zinamowekwa ada za leseni ya kibanda, ada za soko na za maegesho. Mama anayeuza mboga hapo Kaptembwo hulipa kila siku kile kilichoandikwa humo, na aghalabu hajui kwamba kulikuwa na siku ambayo angeweza kutoa maoni. Chukueni mswada huo, mgawane kurasa kama mlivyofanya 2024, kisha mweleze watu wa soko kwa Kiswahili wanachotozwa na ni nani aliyekipitisha. Hapo hakuna mzee atakayewaita watu wa kelele.

Kabla ya hapo kuna somo moja ambalo msiliruke, nami huliita somo la mlango wa nani. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na ya kaunti. Chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, uzoaji taka, mitaro, taa za mtaani na barabara za kaunti ni kazi ya gavana na idara zake, huku MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, akizisimamia na kupitisha fedha zake. Shule za msingi na sekondari, polisi, vyuo vikuu na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret inapita mjini kwenu, na hakuna MCA awezaye kuiziba shimo hata akipenda. Nakuru nayo ilipata hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na jiji lina bodi yake, kwa hiyo kuna mlango wa tatu wa kubisha.

Nimekutana na kundi la vijana Kisumu waliomshambulia MCA wao mtandaoni wiki baada ya wiki kwa sababu ya paa la shule ya msingi. Yeye alinyamaza tu, maana alijua halimhusu, na wakati huohuo zahanati ya wadi, ambayo ilimhusu kabisa, haikuulizwa na mtu. Ndiyo sababu nalisisitiza somo hili. Hasira ikipelekwa kwenye mlango usio wake, mwenye mlango halisi hulala usingizi. Fanyeni zoezi dogo kundini: kila mtu aandike malalamiko yake moja, kisha mjadiliane kila moja ni la mlango upi. Mtabishana sana kuhusu barabara, na mabishano hayo ni mazuri, maana hata barabara mbili zinazokutana mtaani zinaweza kuwa za mamlaka tofauti. Taa na mtaro, mambo mawili mliyoyaendea Juni, yote ni ya kaunti. Huo ni mwanzo mzuri.

Tuje kwenye karatasi. Kaunti kila moja ina mpango wa miaka mitano, CIDP, na ule wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Chini yake ndipo zinapokaa ADP za kila mwaka na makadirio ya bajeti. Zitafuteni kwenye tovuti ya kaunti na ya bunge la kaunti. Zikipatikana, tafadhali msitupe faili la kurasa mia kadhaa kundini na kuandika "someni". Mtu mwenye bando ya shilingi ishirini hatalifungua. Mmoja wenu alifungue kwa kompyuta ya cyber, atumie sehemu ya kutafuta maneno, aandike jina la wadi. Andikeni Kaptembwo, kisha mrudie na Kaptembwa, kwa sababu tahajia zote mbili hutumika na mradi wenu unaweza kuwa umejificha chini ya moja tu. Piga skrinshoti ya ukurasa huo mmoja. Mwenye sauti nzuri aueleze kwa dakika mbili: mradi gani, uko wapi, umetengewa kiasi gani, unasemekana umefika wapi. Wiki moja, ukurasa mmoja, inatosha.

Mkishazoea, tafuteni bajeti ya mwaka uliopita na ule wa kabla yake, mziweke pamoja. Hapo elimu huanza kuuma. Mtaona mradi uleule umetengewa fedha mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, kila mara ukiitwa "unaendelea", na ardhini hakuna kitu. Au mtaona umekamilika kwenye karatasi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotolewa kila robo mwaka, zitawaonyesha kaunti yenu imetumia kiasi gani kwa maendeleo na kiasi gani kwa mishahara na safari. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, ikipimwa kwa miaka kadhaa, iende kwa maendeleo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchelewa zaidi, lakini zinataja miradi kwa majina. Kijana aliyewahi kulinganisha karatasi hizi na kile anachokiona kwa macho yake hahitaji tena kuelezwa maana ya uwajibikaji.

Karatasi isipopatikana mtandaoni, iombeni. Hii ndiyo haki ninayoipenda kuliko nyingi, na ndiyo vijana wanaitumia kidogo zaidi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulipi chochote kwa kuomba, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili. Huhitaji kueleza sababu zako. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuziongeza mara moja tu kwa siku zisizozidi 14. Ikinyamaza muda huo ukapita, sheria inachukulia kwamba imekataa, nanyi mnaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita ofisi ya Ombudsman, mkiomba uamuzi huo uangaliwe upya. Msikae zaidi ya siku 30 kabla ya kufanya hivyo.

Barua yenyewe iwe fupi. Ningeiandika hivi:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Serikali ya Kaunti ya Nakuru. Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nipewe orodha ya miradi ya taa za mtaani na mitaro iliyotengewa fedha katika Wadi ya Kaptembwo katika miaka mitatu ya fedha iliyopita. Kiasi kilichotengwa na kiasi kilicholipwa kwa kila mradi. Jina la mwanakandarasi. Na tarehe za kuanza na kukamilika. Naomba nakala hizo kwa barua pepe."

Kisha jina, simu, tarehe na sahihi. Angalieni kwamba inaomba vitu, haigombezi. Ukiandika "kwa nini mnakula pesa zetu", afisa hana karatasi ya kukupa. Ipelekeni kwa mkono, nakala ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo mwenye kundi aitunze. Barua moja yenye mhuri naithamini kuliko posti mia. Halafu, ndiyo, iwekeni mtandaoni. Video ya kijana akionyesha barua iliyogongwa mhuri na kuhesabu siku zilizobaki hadi 21 inafundisha watu wengi kwa mpigo mmoja, na ofisi itajua kuna macho.

Mkishakuwa na habari, ndipo mwende kwenye vikao vya maoni, sasa kwa wakati wake. Tumieni kura ya WhatsApp kuchagua ombi moja au mawili, msiende na orodha ya mambo ishirini. Andikeni memoranda ya ukurasa mmoja: tatizo, mahali penyewe kwa jina la barabara au alama inayojulikana, watu wanaoathirika, mnachoomba kifanyike, na kifungu cha bajeti kinachohusika. Itumeni kwa karani wa bunge la kaunti na idara ya fedha kabla ya kikao, halafu mmoja wenu aisome kikaoni kwa sauti. Kama hawajibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti na inailazimu kaunti kulijibu bila kukawia.

Kuhusu wazee, sioni kama ni maadui wenu. Wanachokiona ni vijana walioinama juu ya simu, na kundi ambalo wao hawamo. Chapisheni ule ukurasa wa wiki kwenye karatasi, mbandike stejini kwa boda boda, kwa kinyozi, mlangoni pa kanisa na msikiti, na kwenye ubao wa chifu akikubali. Mwenye kabambe, simu isiyo na WhatsApp, naye ataisoma. Tena mtaani hamkosi mstaafu aliyewahi kushika vitabu vya chama au vya ofisi. Mwombeni aketi nanyi mnaposoma makadirio. Atawaonyesha mambo ambayo nyinyi mnayapita mbio, kama vile tofauti ya pesa zilizotengwa na pesa zilizotolewa.

Sasa niseme juu ya fowadi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu unaishi Nakuru. Januari 2008 mji huo uliwaka. Katika nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi, na wakati huo WhatsApp haikuwapo. Chuki ilisafiri kwa SMS. Mwezi huohuo Wakenya wengine waliunda Ushahidi, mfumo wa kupokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi, zikiwemo za SMS, na kuziweka kwenye ramani ili ijulikane nini kinatokea wapi. Simu ni zilezile, mikono ndiyo tofauti.

Kwa maoni yangu, kitu cha hatari zaidi kwenye makundi ya mitaa yenye makabila mengi kama yenu kinaweza kisiwe picha wala video. Ni sauti iliyorekodiwa kwa lugha ya mama, isiyo na jina la msemaji, inayosema "watu wetu wanashambuliwa mahali fulani". Inaingia masikioni mwa walengwa peke yao, jirani wa kabila jingine hawezi kuisahihisha kwa sababu haielewi, na siku hizi sauti inaweza kutengenezwa na mashine ikafanana kabisa na ya mtu mnayemjua. Wekeni kanuni moja isiyo na msamaha: sauti isiyo na jina la msemaji, mahali na tarehe haipiti kundini. Ikiwa imeshapita, masahihisho yatolewe kwa lugha ileile na palepale ilipotua. Na habari ya ghasia ikija, mpigieni mtu anayeishi mahali hapo kabla ya mtu yeyote kuisambaza. Simu ya dakika moja ina thamani kubwa kuliko kuitazama video mara kumi. Picha mnaweza kuitafuta kwa Google Lens mjue ilianza kuonekana lini, na PesaCheck na Africa Check huchunguza madai mengi ya hapa kwetu. Mwapaswa pia kujua kwamba Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Lakini msimwaibishe aliyeileta fowadi. Mara nyingi ni mjomba au mama mwenye hofu ya kweli, aliyedhani anawakinga watoto wake. Ichukueni fowadi hiyo iwe somo la wiki: tuliichunguza vipi, tulipata nini. Watu wakiona namna inavyofanyika bila kudhalilishwa, huanza kuifanya wenyewe kimyakimya.

Hofu ya kukamatwa siwezi kuwaambia haina msingi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema Desemba 2024 kwamba ilikuwa imeripotiwa visa 82 vya utekaji tangu Juni mwaka huo. Mwenye hofu msimcheke wala msimsukume mbele. Kinachopunguza hatari ni namna mnavyosema. "Fulani ni mwizi" ni sentensi inayohitaji ushahidi ambao hamna. "Mradi huu ulitengewa kiasi hiki kwenye makadirio ya mwaka huu, ukurasa huu hapa, na tulipofika hatukuukuta" ni sentensi inayosimama hata mbele ya hakimu. Sheria ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni iliweka adhabu kali kwa anayechapisha uongo akijua ni uongo, na ingawa vifungu vyake vimepingwa mahakamani, ninyi jengeni mazoea ambayo hayawategemei mawakili. Kwenye ofisi nendeni wawili au zaidi. Picha za nyuso za watu msizisambaze bila idhini yao. Mkiamua siku moja kuandamana, Kifungu cha 37 kinawalinda mkiwa na amani na bila silaha, na sheria ya utulivu wa umma inataka polisi wapewe taarifa si chini ya siku tatu kabla.

Wasichana warudishwe, na hilo ni kazi ya admini, haliji lenyewe. Anayemtusi msichana kwa mwili wake au kumfuata faraghani anatolewa siku hiyohiyo, hata akiwa rafiki yako, hata akiwa ndiye msemaji hodari. Nusu ya maadmini wawe wasichana. Fikiria lile ombi lenu la taa: anayelijua giza la Kaptembwo ni binti anayetoka kazini saa tatu usiku. Kama yeye hayumo kundini, memoranda yenu itaandikwa na watu wasiojua ni kona gani inahitaji taa kwanza. Ningegawa pia kundi mara mbili: moja la matangazo ambamo maadmini tu huandika, ili ule ukurasa wa wiki usizame, na jingine la mjadala. Linki za kamari zifutwe kote.

Fulana na bando zikataeni. Kwa heshima, kwa maandishi, lakini zikataeni. Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na orodha ya namba mia mbili za vijana wa wadi moja ni mali ambayo mwanasiasa yeyote angependa kuwa nayo. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Majina na namba za vitambulisho vilitoka mahali fulani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aombwe ridhaa taarifa zake zinapokusanywa, na nyinyi mlio maadmini mna wajibu huo kwa wenzenu. Mwanasiasa akitaka kuzungumza nanyi, mwalikeni kwenye mjadala kama mgeni, aulizwe maswali kutoka kwenye karatasi, kisha aondoke. Mpinzani wake naye aalikwe wiki inayofuata.

Mkufunzi wa kulipwa hamumhitaji kwa sasa. Nimeona semina nyingi za hotelini, zenye chakula cha mchana na nauli, ambazo vijana hutoka wakiwa na daftari jipya na wasiweze kutaja mradi mmoja wa wadi yao. Sheria ya Serikali za Kaunti inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa elimu ya uraia na kitengo cha kuusimamia. Iandikieni kaunti mwulize kitengo hicho kiko wapi, bajeti yake ni kiasi gani, na lini kitakuja Kaptembwo. Hilo lenyewe ni somo. Ulizeni pia nani huketi kwenye jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, linalomshauri gavana. Sheria imewataja wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Vijana hawakutajwa kwa jina, jambo ambalo linanisikitisha katika nchi yenye vijana wengi hivi, lakini msichana anaweza kupendekezwa na shirika la wanawake, na kijana mwenye duka na chama cha wafanyabiashara. Pitieni hapo.

Wale wa miaka 16 na 17 wabaki. Kura hawana bado, ila haki ya kuomba jambo kwa serikali na haki ya kupata habari Katiba haikuzifungia miaka 18. Mtaala mpya wa shule umeweka uraia na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi zake kuu saba, kwa hiyo huenda wakawashinda nyinyi kwenye kusoma jedwali. Waelezeni wazazi wao kundi ni la nini, msiweke sura zao kwenye video, msiwatume ofisini peke yao, na anayewaandikia faraghani usiku atolewe. Baadhi yao watatimiza 18 kabla ya Agosti 2027. Wakitimiza, wachukue kitambulisho kwanza, kisha waende ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lao wajisajili mapema, kabla foleni za mwisho hazijaanza.